Safu Isiyorukuu

Godoro ndilo lililotutoa nyumbani siku ile. Mgongo wangu ulikuwa umeshalikataa lile la zamani, lenye bonde katikati kama hori la punda, na ndugu yangu Sleyum akasema kule Rusayl kuna ghala wanakata sponji kwa kipimo chako, nzito, haibonyei.

"Wewe tokea lini ukajua magodoro?" nikamwambia. "Umelala umri wako wote kwenye vitanda vya jeshi. Hata jiwe kwako hariri."

"Ndo maana mgongo wangu umenyooka, Dada. Wako umekuwa ndoana."

Tukaenda.

Nikwambie kwanza nani Sleyum. Ni mdogo wangu, kitindamimba. Tumezaliwa Unguja, nyumba imejaa watu mpaka wengine wanakula barazani, tukaja huku Omani na nguo tulizovaa. Sasa wale wote wameshatangulia, mmoja mmoja, mkubwa halafu anayemfuata, tumebaki mie na yeye. Yeye aliingia jeshini, akawa mwalimu wa gwaride, kazi yake kupigia watu makelele. Alipofiwa na mkewe nikamwambia njoo ukae kwangu Ansab, nyumba kubwa, marehemu mume wangu aliijenga kwa ajili ya watoto na watoto wote wana nyumba zao. Binti yangu Rahaf yuko Sohar. Ananipigia simu kila Ijumaa, ananipa wajukuu niwasikie. Wanasema "Bibi, hujambo?" na Kiswahili chao kinaishia hapo hapo, kama bomba lililokatwa maji.

Kwa hivyo mtu wa kuzungumza naye lugha yangu, wa kumtukana asubuhi na jioni tukachekeana, alikuwa Sleyum tu. Nakwambia haya usije ukadhani nilichokifanya jioni ile kilikuwa ushujaa. Ushujaa sina. Nilikuwa na ndugu mmoja.

Tulitoka Rusayl jua linashuka. Godoro juu ya gari, limefungwa kamba na Sleyum mwenyewe, mafundo ya kijeshi, ukimuuliza. Barabara kuu imejaa magari yamebanana, yanajongea kidogo kidogo. Gari moja mbele yetu ikachepuka, ya nyuma yake ikaingia pale pale kabla hujapepesa jicho.

"Unaona?" Sleyum akasema. "Ndivyo walivyokuwa wakipigana watu wa zamani."

"Nani kakuuliza?"

Hakujali. Hajali kamwe akianza. "Walikuwa wakisimama safu, Dada, bega kwa bega, mchana kweupe, hawajifichi. Nyuma safu nyengine, na nyuma nyengine. Wa mbele akipigwa, aliye nyuma yake anapiga hatua moja, anasimama pale pale aliposimama mwenziwe. Hatazami chini."

"Hatazami chini, na mwenziwe yuko chini ya miguu yake anagaragara?"

"Ukitazama chini, safu imekatika. Safu ikikatika farasi wa adui wanapita hapo, mmekwisha nyote. Aliye chini si wako tena. Unamruka."

"Na kama nyuma hakuna mtu?"

"Basi wanabanana. Wa kulia na wa kushoto wanasogea katikati mpaka mabega yakutane. Safu inakuwa fupi, lakini haina tundu."

"Inakuwa fupi mpaka lini?"

Akafikiri. "Mpaka mkubwa wao awaamrishe watawanyike."

"Na mkubwa akiwa kafa?"

"Dada, maswali yako yanatia njaa," akasema, akakata usukani, akaiacha barabara kuu.

Akashika njia ya nyuma, ile inayopita kandokando ya wadi, bonde la mto mkavu, kabla hujaingia Ansab. Vumbi na changarawe, vilima vitupu, nguzo za umeme. Hakuna nyumba. Tukafika kwenye bonde la tambarare ndipo nikasikia juu ya kichwa changu... *sssrrr*... na pembe ya godoro ikaja ikanifunika dirisha.

"Mafundo ya kijeshi hayo," nikasema.

Sleyum akatukana kidogo, akasimamisha gari. Na pale pale, kutoka mbali kule kwenye majumba, ikaja adhana ya Magharibi. Ndogo. Inapeperuka na upepo.

Kwenye tambarare palikuwa na watu wamejipanga kusali.

Hilo halinishangazi na wala wewe lisikushangaze. Hapa Maskati watu wakikutwa na Magharibi njiani husimama popote, madereva, mafundi, wenye familia zao, wakapanga safu kwenye mchanga. Na hawa walikuwa hivyo hivyo, safu moja ndefu, migongo yao kwetu. Na katikati ya safu, pengo. Pengo la mtu mmoja, limekaa wazi kama jino lililong'oka.

Sasa Sleyum na mapengo... We! Msikitini kwetu vijana wanamkimbia. Imamu hajasema Allahu Akbar, yeye ashawavuta watu mikono, ashawasukuma kwa kiwiko: zibeni, zibeni, mnamwachia nani nafasi hiyo? Aliyajua mapengo kwa dini na aliyajua kwa jeshi, hakuwa na namna ya kuliona moja akaliacha.

"Nna udhu," akasema. "Nnawahi na hawa, kisha nnakuja kulifunga godoro."

"Miwani yako hiyo."

"Nnakwenda kusali, siendi kusoma gazeti."

Akaenda. Nikamwona anakwenda mbio mbio, kanzu kaishika kwa mkono mmoja, mzee mzima. Akaingia kwenye pengo. Bega lake la kulia likagusa mtu, la kushoto likagusa mtu.

Safu ikakamilika.

Mie nikakaa. Nasali kwenye kiti siku hizi, goti langu la kushoto halikunji, kwa hivyo nikasema nitasali nyumbani. Nikatoa tasbihi. Kioo cha mbele, kile kidogo cha kutazamia nyuma, kilikuwa kinanipiga jichoni kwa wekundu wa jua lililozama, nikakigeuza. Nikaendelea na tasbihi.

Halafu mkono wangu ukasimama wenyewe.

Wekundu uko nyuma yangu...

Sisi huku Makka iko upande wa machweo. Ukisali Magharibi, wekundu uko usoni pako, hata mtoto anajua. Na watu hawa walikuwa wametazama mbele, huko kwenye giza. Kibla walikuwa wamekipa mgongo.

Nikasema labda wageni, hawajui pa kuelekea. Nikafungua kioo nisikie kisomo. Magharibi husomwa kwa sauti.

Kimya.

Upepo ulikuwa unatoka kwao unakuja kwangu na haukuleta Alhamdu wala Amina. Ulileta harufu. Kwanza kama chuma kilicholowa, halafu jasho la zamani, jasho la nguo iliyofungiwa sandukuni, na chini ya hayo yote kitu cha kuchoma pua, kama fataki za Idi baada ya kulipuka. Baruti.

Nikangoja warukuu.

Hawakurukuu.

Nikawatazama sasa, nawatazama kweli, mmoja baada ya mmoja. Wengi wamevaa vitambaa sijui rangi gani, vimechakaa mpaka vimekuwa rangi ya vumbi, na migongoni wamefunga mikanda, na wengine wana ngao ndogo za duara kama vifuniko vya vyungu. Lakini si wote. Mmoja kavaa fulana ya rangi ya machungwa yenye mistari ya kumeremeta, kama wafanya kazi za barabara. Mwengine ana helmeti kichwani, kama wale vijana wa pikipiki wanaopeleka vyakula majumbani. Mwengine kanzu safi, kofia ya kushonwa kwa mkono, kama mtu anayetoka harusini.

Na ndugu yangu.

Wakapiga hatua moja mbele. Wote. Mguu wa kushoto.

*Krap.*

Na Sleyum akapiga nao.

Nikafungua mlango. Nikasikia gari nyuma yetu, nikadhani imetugonga. Hapana, ilikuwa imesimama tu: pikapu kuukuu, majani ya mbuzi nyuma. Akashuka mzee wa Kiomani, mwembamba, kanzu imejaa mavi ya mbuzi, akaja kwangu hakimbii lakini haraka. Alisema Kiarabu, nakuandikia kwa Kiswahili.

"Mama, nani yule aliyeingia?"

"Ndugu yangu." Nikavuta pumzi nimwite. "Sle..."

Akaniziba mdomo. Mwanamume nisiyemjua, akaniweka kiganja mdomoni, kinanuka maziwa.

"Usimwite jina," akanong'ona. "Ukimwita wataitika wao. Mie nilimwita wangu."

Akaniachia. Akaonyesha kwa kidevu, kule kwenye ile fulana ya machungwa.

"Alikuwa mfanyakazi wangu. Kanzu hana, nilimpa mie ile fulana. Aliniambia, 'Baba, wanasali, nnakuja.' Nikamwita kwa jina lake. Wakaitika wote kwa pamoja, na kutoka hapo hakugeuka tena. Polisi wakaniambia kakimbia kazi."

*Krap.*

Walikuwa wanakwenda kule wadi inakozama. Kila hatua, miguu yao ilikuwa inaingia gizani kwanza.

"Sasa nifanye nini?"

"Sijui, mama."

"Njoo twende, tumvute."

"Siendi." Hakunitazama. "Nina watoto."

"Basi kaa na watoto wako," nikamwambia, nikashika njia.

Changarawe ile, na viatu vyangu vya ndani ya nyumba, na goti langu. Sikusoma sana mie, nilitolewa chuoni nikafunzwa kupika, lakini kusali nimefunzwa na mama yangu kwa fimbo, na fimbo haisahauliki. Nilikuwa nakwenda huku najiuliza, jina siwezi, kumgusa naogopa, sasa nini? Nikafika nyuma ya safu, pale wanaposimama wanawake, na nilipojiona nimesimama pale ndipo nikajua.

Imamu akikosea katika sala, mwanamume humzindua kwa Subhanallah. Mwanamke hasemi. Mwanamke hupiga kofi, kiganja cha kulia juu ya mgongo wa mkono wa kushoto. Mara ngapi nyumbani Sleyum amenisalisha mie na marehemu mkewe, akasahau rakaa, nikampiga kofi langu akastuka? Alikuwa akisema kofi la Dada linamtoa hata kaburini.

Nikapiga.

*Pa.*

Safu haikutikisika. Upepo ukasimama.

*Pa.*

Shingo ya Sleyum ikatetemeka, kama farasi anayefukuza nzi. Mabega yao yalikuwa yamembana, nikaona kanzu yake imekunjika pande mbili. Nikapiga tena, nikapiga mpaka mkono ukaniwasha, napiga kama mtu anayefukuza kunguru kwenye unga. Umekosea, baba. Umekosea sala, rudi mwanzo...

Akageuza kichwa. Kulia, halafu kushoto. Akatoa salamu.

Akarudi nyuma hatua moja, akatoka.

Alinipita ubavuni. Macho yake yako wazi lakini hayanioni, akashika njia ya gari kama mtu anayetembea usingizini. Nikataka kumfuata. Nikasema mguu, geuka.

Mguu haukugeuka.

Pengo lilikuwa mbele yangu.

Sikusikia sauti, usije ukasema niliitwa. Hakuna aliyetazama nyuma. Ilikuwa kama ukiwa kwenye foleni na wa mbele yako kasogea, unasogea, hufikiri. Kifua changu kikanivuta. Goti langu, hili hili lisilopanda ngazi, lisilokunja, likanyanyuka jepesi kama la msichana. Likanifurahisha, Mungu anisamehe. Mguu wa kushoto ukaenda mbele...

Na pale ndipo nilipofahamu nimesimama wapi.

Nyuma yake. Mie ndiye aliye nyuma yake.

Nikajitupa chini.

Sikukaa, nilijitupa, kama gunia. Makalio kwenye changarawe, kiatu kimoja upande, buibui kichwani. Maumivu yakapanda mpaka kwenye meno. Nikabaki vile vile na uso chini, kwa sababu aliye chini anarukwa, hasimamishwi, na mtu mwenyewe aliyenambia hayo alikuwa nyuma yangu anayumba kwenye vumbi.



Halafu nikasikia nguo zinasuguana. Nikasikia kulia wanasogea, kushoto wanasogea. Chuma kikagusa chuma. Bega kwa bega, wanabanana, safu inazibika, inakuwa fupi kwa mtu mmoja.

*Krap. Krap. Krap.*

Sauti ikateremka wadini mpaka nikawa sijui kama naisikia au ni moyo wangu.

Yule mzee alikuja kuninyanyua baadaye. Alisema jina lake Khattab, akasema samahani, nikamwambia samahani yako kampe mbuzi. Lakini alitufunga godoro vizuri, na wakati anafunga akanieleza anachokijua, nacho ni kidogo. Babu yake alimwambia kulikuwa na jeshi lililoshindwa, jeshi la nani kila mtu anasema lake. Wenzao walipokimbia, hawa waliambiwa wasimame hapa wazuie njia, wasiachie tundu, mpaka wapewe amri. Wakasimama. Wakaanguka, wa nyuma wakaingia mbele, wakaanguka, mpaka nyuma pakawa patupu. Na yule wa kuwapa amri akafa mapema, yeye wa kwanza.

"Kwa hivyo hawajatawanyika," akasema Khattab. "Na wanaotoka nyuma hawana tena. Wanangoja wapitao."

Nikamrudisha Sleyum nyumbani. Niliendesha mie, sina leseni, usimwambie mtu.

Sasa utasema, alhamdulillahi, kapona. Hata mie nilisema. Asubuhi alinywa chai yake, akakunja shuka lake pembe kwa pembe kama kawaida. Nikamwambia, "Godoro lako la Rusayl linanuka mpira, nimelala kama nimelalia gurudumu."

Akasema, "Naam, Dada."

Nikangoja. Akaenda kuosha kikombe.

Nikamwambia mchana, wali nimeuunguza makusudi, "Kula, chakula cha jeshi hiki." Akasema, "Naam, Dada." Akala, mkono unakwenda na kurudi sawasawa. Nikamtukana kwa matusi ya kwetu, yale ambayo tangu utotoni hajawahi kuyaachia yapite. "Naam, Dada." Nikaingia chumbani nikalia, si kwa khofu. Kwa hasira. Nimeleta mtu nyumbani na nyumba ni tupu kuliko alipokuwa hayupo.

Nilimpeleka hospitali wakampiga picha za kichwa, wakasema uzee. Nikamleta Sheikh Muatasim, mtu mwenye elimu, akamsomea mpaka sauti ikamkauka. Nikamuuliza, vipi, Sheikh, ana shetani gani? Akafunga msahafu taratibu.

"Hana shetani, Bi Hasina. Mwenye shetani huwa wawili ndani." Akamtazama Sleyum, ambaye alikuwa ananyoosha pindo la zulia. "Huyu hayupo, basi."

Na Magharibi ikifika hakwenda tena msikitini. Anasimama ukumbini, mbele ya dirisha la mashariki, kibla mgongoni, mikono ubavuni. Hasomi. Anasimama mpaka giza liingie, kisha anakaa kula. Upande wa kushoto anaacha nafasi. Nilipoweka kiti pale, alikiondoa bila neno.

Rahaf akasikia kwa simu sauti yangu imebadilika. Akasema, "Mama, mpeleke mjomba kwenye nyumba ya wazee, wewe njoo kwangu." Nikamwambia mie na mjomba wako tumetoka pamoja tulikotoka, hatuachani kwa sababu mmoja amekuwa bubu.

Jioni moja nikamkalia mbele, kati yake na dirisha.

"Sleyum. Uliwaona nyuso?"

"Naam."

"Wewe ulikuwa mwalimu wa gwaride. Ulishindwa kuwaambia watawanyike? Neno moja tu?"

Macho yake yakarudi kidogo, kama taa inayotafuta umeme.

"Niliwaambia, Dada."

"Wakasema nini?"

"Wakaniuliza, aliye nyuma yako nani?"

"Ukawajibu?"

Akanitazama mie, kisha akarudisha macho dirishani.

Nikakaa na hilo siku nyingi. Nilipika, nikafua, nikasema peke yangu jikoni nipate kusikia Kiswahili. Siku nyengine nilikuwa najitukana mwenyewe na kujijibu. Ukifika hapo, mwanangu, unajua umefika wapi.

Wiki iliyopita wekundu ulipoingia ukumbini nilikuwa napita na sinia. Sleyum kasimama pale pale, na kushoto kwake ile nafasi. Nikasimama kumtazama. Goti likaniuma, nikaegemea... sikuegemea kitu, nilisogea tu, hatua, nusu hatua. Nikasimama pembeni yake. Bega langu likagusa lake.

Lilikuwa na joto.

"Ushazeeka, Dada," akasema. Sauti yake. Yake yenyewe, na kicheko ndani. "Unasimama kama mbuzi aliyekodiwa."

Sinia ilinianguka.

"Na weye?" nikasema. "Weye mafundo yako ya kijeshi, godoro lilitaka kutuzika."

"Godoro lile zito, kama mwenyewe."

Tulitukanana, wallahi, tulitukanana mpaka mbavu zikaniuma. Tukawataja wote wa nyumba ya Unguja, nani alikuwa mwizi wa sukari, nani alimkata mkia paka wa jirani. Kibla kilikuwa mgongoni mwangu, nilikijua, nilikuwa nakisikia kama moto wa jiko ulioupa kisogo. Sikugeuka. Kila nilipofikiria kugeuka niliikumbuka ile "Naam, Dada."

Wekundu ukafifia. Na upande wangu wa pili, upande ulio wazi, kitu kikasogea taratibu, kwa adabu, kikanigusa bega. Kikanuka baruti.

Sikutazama.

Tangu siku hiyo nasimama kila jioni. Siumwi goti. Rahaf anakuja Ijumaa kutuona. Nimemwambia aje asubuhi, aondoke mapema, na ikitokea Magharibi imemkuta humu ndani, asisimame nyuma yangu.